Beshte wa Jana, Mpenzi wa Leo

Karatasi ya mwisho ya KCSE ikishaandikwa, Kileleshwa hujaa vijana wasioamshwa na kengele. Kwa miaka minne wengi wao wamelala mabwenini, wavulana kwao na wasichana kwao, wakionana tu kwenye fanki, zile siku za tamasha, midahalo na michezo ambapo mabasi ya shule kadhaa hukutana uwanja mmoja. Sasa wamerudi kwenye magorofa ya Othaya Road, Siaya Road na Githunguri Road, na chuo hakifunguliwi hadi Agosti au Septemba. Asubuhi wako darasa la udereva, mchana wanateremka pamoja hadi Arboretum, jioni wanapiga gumzo kwenye maegesho ya magari hadi soja wa langoni awaombe wapunguze sauti. Usiku simu zinaendeleza pale mazungumzo yalipokatikia.

Katika miezi hiyo jambo hutokea. Watu wawili waliojuana miaka miwili mitatu, walioazimana madaftari na kusimuliana ya nyumbani, siku moja mikono yao inagusana na moyo unakwenda mbio. Mzazi akilinusa hudhani alidanganywa tangu mwanzo: "Si ulisema ni rafiki tu?" Kijana naye hujiona kama aliyevunja amana. Ningependa wote wawili wajue kwamba hiyo ni mojawapo ya njia za kawaida kabisa ambazo mapenzi hupitia. Na naamini urafiki uliotangulia ni kinga njema, mradi wenye nao wajue kusema yaliyo moyoni, na watu wazima waache kuwaziba midomo.

Mwaka 2021 Danu Anthony Stinson wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha uchambuzi wa majibu ya karibu watu 1,900, wanafunzi wa vyuo na watu wazima wengine wa Amerika Kaskazini. Asilimia 68 walisema uhusiano wao wa kimapenzi wa wakati huo, au wa mwisho waliokuwa nao, ulianza kama urafiki. Katika kundi dogo la wanafunzi walioulizwa kwa undani, urafiki ulikuwa umedumu miezi 22 kwa wastani kabla ya kugeuka, na walio wengi walisema hawakuwa na nia hiyo walipoanza kuzoeana. Hilo la mwisho wazazi walisikie vizuri. Aliposema "rafiki tu", huenda alisema kweli tupu.

Stinson na wenzake walikagua pia tafiti za waliowatangulia kuhusu jinsi uhusiano unavyoanza. Takriban robo tatu zilichunguza watu wasiojuana wanaovutiana mara ya kwanza. Asilimia 8 tu zilichunguza marafiki. Sababu haiko mbali. Wageni wawili unaweza kuwaketisha maabarani kwa dakika chache ukawapima, lakini urafiki wa miaka miwili hauletwi maabarani. Basi sayansi ikakaa miaka mingi ikitazama mlango ambao wachache huingilia.

Takwimu hizo ni za Wakanada na Wamarekani, na hazifai kubandikwa Nairobi kama zilivyo. Hata hivyo, chukua ile miezi 22 uihesabu kurudi nyuma kutoka Desemba ya kidato cha nne. Unaangukia Februari ya kidato cha tatu, msimu ambao shule ziko mbioni kujiandaa kwa tamasha za maigizo zinazofikia kilele Aprili. Mwalimu yeyote wa drama anajua urafiki mwingi huzaliwa hapo.

Muda wenyewe una kazi yake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu huhitaji takriban saa 50 pamoja na mwingine ili wawe marafiki wa kawaida, saa 90 ili wawe marafiki kweli, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Saa zinazohesabika zaidi ni za kupiga soga na kucheka. Za kufanya kazi pamoja huchangia kidogo. Wanaokutana kwenye fanki tatu kwa mwaka hawafiki huko upesi. Lakini wape vijana hao saa tatu kila siku baada ya mtihani, na saa 200 zinatimia kabla ya miezi miwili na nusu.

Hata kuonana tu, bila neno, huacha alama. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwatuma wanawake wanne kwenye darasa la chuo. Mmoja hakuhudhuria kabisa. Wengine waliingia mara 5, mara 10 na mara 15, wakaketi kimya na kuondoka. Wanafunzi walipoonyeshwa picha zao mwishoni, aliyekuja mara nyingi zaidi ndiye aliyependeza zaidi machoni mwao, ingawa walikuwa hawamjui. Ubongo huhesabu kilichozoeleka kuwa salama, na kilicho salama huanza kuvutia.

Hapo msomaji atauliza: mbona basi hatuwapendi kimapenzi tuliokua nao? Swali hilo ni la siku nyingi. Edward Westermarck, mwanazuoni wa Finland, aliandika mwaka 1891 kwamba watoto wanaolelewa pamoja tangu wadogo kwa kawaida hawavutiani wakikua. Ushahidi unaotajwa sana ulitoka Israeli, kwenye vijiji vya kijamaa viitwavyo kibutsi, ambako watoto wa rika moja walilala, wakala na kuoga pamoja mbali na wazazi wao. Joseph Shepher alichunguza ndoa 2,769 za watu waliokulia huko, na mwaka 1971 akaripoti kwamba 14 tu zilikuwa za watu wa kundi moja la malezi. Miongoni mwa hizo 14, hakuna hata moja ya watu waliokuwa pamoja bila kukatika katika miaka sita ya kwanza ya maisha. Wapo wanaopinga tafsiri yake, wakisema aibu na matarajio ya jamii yalichangia. Lakini wazo lenyewe halijafa: umri mliokutana una uzito kuliko miaka mliyokaa pamoja.

Nikiitazama Kileleshwa kwa jicho hilo naona jambo. Mtaa huu ulikuwa wa nyumba za chini zenye nyua pana, nyingi zikiwa za watumishi wa serikali. Katika miongo miwili iliyopita nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine, yakapanda magorofa, na familia zinahamia na watoto ambao tayari wana miaka 12 au 14. Mtoto wa jirani haonekani tena kama ndugu uliyeoga naye beseni moja. Unamkuta kwenye lifti akiwa na sauti iliyokwisha kuvunjika. Ukaribu ni ule ule wa majirani, lakini breki ambayo utoto ungeiweka haipo. Hayo ni makisio yangu, na nadhani yanaeleza kwa nini wazazi waliokulia kwenye maboma na vijiji wanashangazwa sana na yanayotokea kwenye maegesho.

Urafiki wa muda mrefu hubadilisha pia jinsi tunavyoona sura. Lucy Hunt, Paul Eastwick na Eli Finkel walichunguza wapenzi jozi 167, wakawapa watu wengine kazi ya kupima mvuto wa kila mmoja. Walioanza uhusiano mara tu baada ya kujuana walikuwa wamelingana sana kwa mvuto, kana kwamba kila mtu alikuwa amechaguliwa kwa kipimo. Waliojuana kwa miezi mingi kabla, au waliokuwa marafiki kwanza, hawakulingana kiasi hicho. Matokeo hayo ya 2015 yanampa moyo kijana anayejiona hana sura ya kutazamwa mara mbili: aliyekuzoea anaona ucheshi wako, unavyosikiliza, unavyomtunza mdogo wako, na hayo yote huingia machoni mwake anapokutazama.

Sasa tuingie ndani ya fuvu. Mwaka 2005 Arthur Aron, Helen Fisher, Lucy Brown na wenzao waliwalaza watu 17 waliopenda karibuni ndani ya mashine ya MRI na kuwaonyesha picha ya mpenzi, kisha picha ya mtu mwingine wanayemfahamu. Picha ya mpenzi iliamsha eneo dogo lililo chini katikati ya ubongo, lenye chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ya hamu na msukumo. Ni mfumo ule ule unaomsukuma mwenye kiu kutafuta maji. Ndiyo maana watafiti hao wanayaona mapenzi ya mwanzo kuwa msukumo wa kutafuta zaidi ya kuwa hisia tu. Rafiki aliyekuwa akikufurahisha sasa anakuwa mtu unayemhitaji, na mwili haukukuarifu siku ya mabadiliko.

Huko Pisa, Italia, Donatella Marazziti aliwapima damu watu 20 walioingia mapenzini karibuni. Protini inayosafirisha serotonini ilikuwa imepungua kwao kwa kiwango kinachofanana na cha wagonjwa wa mawazo yasiyokatika, wale wanaoosha mikono mara hamsini. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kipimo kilikuwa kimerudi mahali pake. Utafiti huo wa 1999 ulikuwa mdogo, lakini yeyote aliyewahi kuusoma ujumbe wa maneno matatu usiku wa manane, akausoma tena, akatafuta maana kwenye nukta, hatashangaa. Marazziti alikuta baadaye kwamba hata kotisoli, homoni ya mfadhaiko, hupanda kwa walioanza kupenda. Tumbo kusokota, usingizi kuruka, chakula kukosa ladha: hayo yana kemia yake na kwa kawaida hupungua yenyewe.

Kisha kuna oksitosini, ambayo magazeti huiita homoni ya mapenzi kwa haraka kuliko inavyostahili. Sifa hiyo ilitokana na panya wadogo wa mbuga za Marekani ambao, tofauti na panya wengi, huishi dume na jike, wakilea watoto pamoja. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba bila oksitosini hawawezi kushikamana. Mwaka 2023 wanasayansi wa California waliwaondolea panya hao kipokezi cha homoni hiyo kwa kuhariri jeni, lakini panya wakaendelea kuchagua wenzi na kulea watoto. Mwaka 2025 maabara ya Annaliese Beery, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikaongeza jambo lililonigusa zaidi: panya wasio na kipokezi hicho walichelewa sana kufanya urafiki. Yaani huenda kazi kubwa ya oksitosini ni kuharakisha kuzoeana, kabla hata ya mapenzi. Urafiki na mapenzi vinapikwa kwenye jiko moja, sufuria mbili.

Umri nao una lake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali mifumo ya hamu na hisia huwa imekwisha kuchachamaa tangu kubaleghe. Grace Icenogle, Laurence Steinberg na wenzao walipima zaidi ya watu 5,000 wa miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwamo kupitia Kisumu. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba uwezo wa kufikiri kwa utulivu hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16, lakini uwezo wa kujizuia pale damu inapochemka hukomaa baada ya miaka 18. Kijana wa miaka 17 anaweza kujadili na mamake kuhusu mimba na virusi vya UKIMWI kama wakili saa nne asubuhi, na saa nne usiku, akiwa peke yake na mtu anayempenda, asiukumbuke mjadala. Huyo si mnafiki. Maamuzi yanayohusu mwili yazungumzwe mchana.

Ugumu mwingine ni kusomana vibaya. April Bleske-Rechek na wenzake walichunguza jozi 88 za marafiki wa jinsia tofauti chuoni, wakachapisha matokeo 2012. Wavulana walielekea kudhani rafiki zao wa kike wanavutiwa nao kuliko ilivyokuwa. Wasichana walielekea kudhani kinyume, kwamba rafiki yao hana lolote. Kila mmoja alikuwa akiusoma moyo wake kwenye uso wa mwenzake. Hakuna ishara, emoji wala kuchelewa kujibu kunakotosha kumaliza utata huo. Inabidi kuuliza kwa maneno. Na anayeuliza awe amejiandaa kupokea hapana, kwa sababu rafiki aliyekataa mapenzi hajavunja ahadi yoyote. Simpendi kabisa yule kijana anayelalamika kwamba "amepoteza muda" na msichana aliyemsaidia hesabu na kumfuta machozi babu yake alipofariki. Huo ulikuwa urafiki kamili, na alikuwa amekwisha kulipwa.

Wazee wetu hawakuacha jambo hili lijiendee. Jomo Kenyatta, katika *Facing Mount Kenya* ya 1938, alieleza jinsi vijana wa Kikuyu waliotahiriwa walivyoruhusiwa ukaribu wa kimwili uitwao ngwiko, uliokuwa na masharti makali ya kutofanya ngono, chini ya uangalizi wa rika lenyewe. Pwani, msichana alikuwa na somo au kungwi aliyemweleza ya mwili bila kumung'unya. Sisemi tuyarudishe, mila hizo zilikuwa na maumivu yake, kuanzia ukeketaji. Lakini kulikuwa na mtu mzima maalum wa kuulizwa. Katika gorofa ya tano ya Kileleshwa shangazi yuko Nyeri au Siaya, anakuja Krismasi, na kijana anauliza simu.

Mtu mzima huyo anahitajika zaidi kwa sababu sheria inapita katikati ya umri huu huu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, asiyefika miaka 18 hawezi kukubali ngono, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Mtu akishiriki ngono na mwenye miaka 16 au 17, adhabu ya chini ni kifungo cha miaka 15. Mahakama ya Rufaa ilisema 2019 kwamba taifa linapaswa kujadili kesi za vijana wanaopendana, lakini sheria haijabadilika, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba adhabu hizo za chini zinawafunga majaji. Marafiki wawili wa kidato kimoja, mmoja aliyetimiza miaka 18 Machi na mwenzake atakayetimiza Oktoba, wanapaswa kulijua hilo kwa hesabu ya kalenda.

Kwa waliotimiza umri, ya afya ni machache na yasemwe wazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Kondomu hukinga mimba na maambukizi kwa pamoja. Vidonge vya dharura ambavyo kila kemisti huviita P2 hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, ndani ya saa 72, na havikingi virusi vya UKIMWI hata kidogo. Aliyehofia kuambukizwa aende kituo cha afya ndani ya saa 72 hizo hizo apewe dawa za kinga.

Kuna vijana ambao rafiki aliyegeuka kipenzi ni wa jinsia yao. Katika utafiti wa Stinson, njia ya urafiki kwanza ilikuwa ya kawaida zaidi kwao, asilimia 85. Filamu ya Wanuri Kahiu, *Rafiki*, ilisimulia wasichana wawili wa Nairobi wa namna hiyo. Bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili 2018, na Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Msomaji ana msimamo wake. Mimi ninachojali hapa ni kwamba kijana aliyempoteza rafiki na kipenzi kwa mpigo, na asiyeweza kumwambia mtu nyumbani, yuko hatarini kuliko wenzake.

Maana mapenzi ya kwanza mengi huvunjika, na hili la kuanzia urafikini likivunjika huuma mara mbili: anayekuumiza ndiye uliyekuwa ukimkimbilia ukiumia. Mwaka 2011 Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyeachwa akitazama picha ya aliyemwacha, baadhi ya sehemu za ubongo zinazoamka ni zile zinazoamka mkono ukiunguzwa. Scott Monroe na wenzake, mwaka 1999, walikuta kwamba kuachana kulitabiri sonona ya mara ya kwanza kwa vijana. Kwa hiyo, "utapata mwingine" si jibu la kumpa anayelia. Kaa naye. Ikipita wiki mbili halali, hali au ameacha kuoga, tafuta msaada; na akisema heri asingezaliwa, usingoje wiki, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Childline Kenya hupokea simu bila malipo kwa 116, na laini ya vijana ya one2one ni 1190.

Dawa nyingine inatoka kwa vijana wenyewe. Tom Osborn, Mkenya aliyesoma Alliance, alianzisha Shamiri, mpango unaowafunza vijana waliomaliza shule majuzi kuongoza vikao vifupi vya makundi kwa wanafunzi wa sekondari. Jaribio la vijana 413 lililochapishwa 2021 lilionyesha vikao vinne tu vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi kuliko mafunzo ya mbinu za kusoma waliyopewa wenzao. Aliyemaliza kidato cha nne juzi husikilizwa kuliko daktari wa miaka hamsini.

Mzazi asiyejua aanzie wapi aanze na rafiki mwenyewe. Mwalike ndani, mpe chai, mjue jina na shule yake, kabla hujauliza wao ni nani kwa nani. Na ninyi wawili, kabla ya Agosti kuwapeleka mmoja Eldoret na mwenzake Chiromo, semezaneni mchana, mkiwa mmeshiba: mtapigiana simu lini, nani ataambiwa, na yakifika mwisho mtapeana nafasi ya muda gani kabla ya kujaribu kuwa marafiki tena.